Suruali ya Mkwe

Mtaani kwetu dobi alikuwa mwanamke, mjane, na hakuna aliyemwita jina jingine isipokuwa Mama Pasi. Alifulia uani pamoja na binti yake, akanyooshea chumba cha mbele, juu ya meza iliyotandikwa blanketi la kijivu lenye alama za kuungua, na kila alama aliijua ilipatikana siku gani na kwa uzembe wa nani. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, yenye jogoo wa chuma pale mbele pa kufungia mfuniko. Mashati ya mwalimu, magauni meupe ya muuguzi, suruali za karani zenye mkunjo wa kukatia nyanya, zote zilikunjwa, zikafungwa kwenye shuka safi, shuka ikapandishwa kwenye keria ya baiskeli. Kisha Mama Pasi aliisukuma baiskeli mlango hadi mlango. Kuipanda hakuwahi. Alisema ile ni punda wake, na punda akishabeba mzigo, mwenye mzigo hutembea.

Binti yake alikuwa ameolewa na fundi rangi, na mume na mke hao walikaa vyumba vya nyuma, ua uleule mmoja. Sasa kukaa ua mmoja na mkwe si jambo jepesi, hasa kwa mtu aliyelelewa kwa heshima za kale kama Mama Pasi. Mkwe akipita, yeye aliinamia beseni. Mkwe akiwa na neno, alisimama nje ya mlango akamwambia mkewe, na mkewe akamwambia mama, ingawa mama alikuwa amekwisha kulisikia neno lote na angeweza hata kulirekebisha. "Mwambie mama shikamoo." "Mwambie mumeo marahaba." Sisi majirani tulicheka, lakini kwa wivu kidogo, maana wakwe wengine mtaani walikuwa wakitukanana hadi kuku wanakimbia.

Na katika heshima hizo zote, iliyokuwa kubwa ni ya suruali. Shati la mkwe Mama Pasi aliweza kulifua. Suruali haikuingia beseni lake. Binti aliifua mwenyewe, siku yake, akaianika kwenye kamba ya nyuma ya choo, mbali na macho ya mama yake.

Baiskeli iliibwa mchana, jua la utosi. Mama Pasi alikuwa amekwenda zahanati kuonyesha goti lake. Binti, ambaye tumbo lilikuwa limeanza kumlemea, alikuwa amejilaza. Baiskeli ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia, kama kawaida. Mama Pasi aliporudi akakuta nguzo peke yake. Baiskeli, mnyororo na kufuli, vyote vimekwenda. Hakupiga kelele. Alizunguka ile nguzo, akaishika kwa mkono, kama mtu anayehakikisha kwamba kweli baiskeli haipo.

Watu tukajaa. Na watu wakijaa, midomo nayo hujaa. Aliyesema lile neno ni shemeji yake, ndugu wa marehemu mume wake, kinyozi wa pale kona, mtu wa mizaha asiyeweza kunyoa kichwa bila kumtania mwenye kichwa. Aliuliza nani aliingia uani leo. Binti akajibu kutoka ndani kwamba hakuna, labda muuza mkaa tu, aliyeleta gunia lake. Kinyozi akasema, kwenye mkokoteni ule, chini ya magunia yale, baiskeli inalala kama mtoto mgongoni.

Muuza mkaa huyo tulimwita Kimya. Ulimi wake ulikuwa mzito. Neno likimkwama aliliacha hapohapo, akacheka kidogo, akaendelea na kazi. Tulimpenda kwa kile kicheko. Siku ile kicheko hicho hicho kikawa ushahidi.

Tulikwenda kwake, na aliyetangulia mbele alikuwa mkwe. Sijui ni baiskeli gani hukaa ndani ya godoro, wala ni baiskeli gani hufichwa kwenye kopo la unga, lakini tulipekua. Godoro likatolewa nje mbele za watu, likapasuliwa upande. Mkewe Kimya, ambaye ni msusi, alikuwa anaokota vitana vyake na mafungu ya nywele vilivyomwagwa sakafuni, na kila akiokota, mtu anakanyaga vingine. Kimya alisimama ukutani akasema, "Mi... mi..." Neno likakwama. Akaliacha, akacheka kidogo. Mtu akasema, mnaona, hata kukana hawezi. Mama Pasi alikuwa mlangoni. Aliinamisha macho, akatazama kitasa.

Baiskeli haikuonekana. Kwa hiyo tukasema amekwisha kuiuza.

Tangu hapo Kimya alipata jina jipya, mwizi wa baiskeli. Watoto walipouona mkokoteni wake waliimba "kring, kring", kama kengele ya baiskeli, mpaka alipotokomea. Wateja wake walimhama mmoja mmoja. Mama Pasi naye alianza kununua mkaa kwingine, mkaa mbichi wenye moshi, uliomchafulia gauni la muuguzi kwa masizi akalirudia kufua. Na kwa kuwa punda hayupo, alibeba shuka za nguo kichwani, na goti lake lile.

Ndipo mkwe akazidi kuwa mkwe. Muda si mrefu alipata kazi ya kupaka rangi kwenye jengo jipya la ghorofa, kazi iliyokuwa imempita kila mara, na alisema Mungu amemwona. Asubuhi, kabla ya kwenda huko, alibeba furushi la nguo begani akalifikisha kwa mwalimu. Jioni alizunguka kwa mafundi baiskeli kuulizia. Aliporudi alisimama nje ya mlango, kichwa chini: "Mwambie mama, leo pia sijaiona." Alipolipwa mara ya kwanza alimletea mama mkwe kitenge cha maua ya rangi ya chungwa. Mama Pasi alikivaa hata siku zisizo na shughuli. Akiulizwa alisema huyu si mkwe, ni mwana aliyezaliwa na mtu mwingine kwa makosa.

Sasa sikiliza mambo ya mifuko.

Dobi yeyote mwenye akili huanza na mifuko. Mama Pasi alikuwa na sahani ya bati karibu na beseni. Kabla nguo haijaguswa na maji aliingiza mkono kila mfuko, akatoa kilichomo, akakiweka sahanini: njiti za meno, tiketi, peremende iliyoyeyuka, barua ambazo hakuzisoma. Alisema mfuko wa mtu ni kama tumbo lake, usitangaze ulichokikuta. Mikono yake ilifanya kazi hiyo bila kumuuliza.

Siku hiyo binti aliamka miguu imevimba. Alikuwa ametoa sandukuni suruali nzuri ya mumewe, ile nyeusi ya kwenda nayo kwa watu, maana walialikwa harusi ya fundi mwenzake. Aliiacha juu ya beseni ili aifue, kizunguzungu kikamshika, akarudi kulala. Mama Pasi akaja na furushi la karani, suruali tatu nyeusi, akalimwaga palepale. Akaanza na mifuko. Wa kwanza, kitambaa cha jasho. Wa pili, kalamu. Suruali ya nne, mfuko wa kulia, akatoa ufunguo.

Ulikuwa ufunguo mdogo wa kufuli, umefungwa kwa uzi kwenye kifungo cha kahawia cha koti. Kifungo kile alikijua. Alikifunga yeye mwenyewe. Ule ulikuwa ufunguo wa akiba wa baiskeli, uliokaa kwenye kopo la vifungo, chumbani kwa binti yake. Hakuwahi kwenda kuutazama. Kufuli likiwa limeibwa, ufunguo wake wa akiba unautafutia nini?

Akaitazama suruali vizuri. Pindo lake lilikuwa na tone la rangi nyeupe.

Aliniambia baadaye kwamba aibu ya kwanza iliyompanda haikuwa ya wizi. Ilikuwa kwamba mkono wake upo ndani ya suruali ya mkwe wake. Aliutoa kama aliyeungua. Akafunika beseni kwa kanga, akaketi juu ya ndoo, na kwa muda mrefu alitazama ile sahani ya bati na kile kifungo. Aibu ya pili ilikuja polepole. Ilikuwa na godoro ndani yake.

Akaenda kwa shemeji yake. Kwa nani mwingine angekwenda? Binti hawezi kuambiwa, na mkwe mwenyewe hasemeshwi. Kinyozi alikuwa hana mteja, anajinyoa mwenyewe kwenye kioo. Aliposikia, mizaha ilimtangulia kama kawaida yake.

"Shemeji, umefikia kumpekua mkwe mifukoni? Mkewe akijua utasema ulikuwa unatafuta nini humo?"

Mama Pasi hakucheka. Kinyozi akafuta povu upande mmoja wa shavu, akaketi. Alikaa hivyo, nusu ana ndevu nusu hana. Kisha akasema wazee walisema kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Akashauri mambo yafunikwe. Funika kombe, mwanaharamu apite. Binti ana mimba, mkwe ana kazi, baiskeli ni chuma tu. Amsamehe kimoyomoyo, auchimbie ufunguo huo uani, maisha yaendelee.

"Na Kimya?"

Kinyozi akajifuta shavu ambalo halikuwa na povu. Alisema Kimya amekwisha kuzoea.

"Amekwambia yeye?"

Kinyozi akageukia kioo. Aliyesema neno la mkokoteni ni yeye, na wote wawili walilijua hilo. Mama Pasi akamwomba kitu kimoja tu, amwite mkwe atoke kazini mchana, aje nyumbani, na asimwambie ni kwa nini.

Akarudi, akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Aliifua ile suruali. Ilipokauka akapuliza pasi, akainyunyizia maji, akaipiga pasi kwa uangalifu, mkunjo wa mbele, mkunjo wa nyuma, mpaka kwenye pindo. Akaikunja mezani. Juu yake akaweka ufunguo. Alisema alitaka mikono yake iwe na kazi.

Mkwe alifika na vumbi la rangi kwenye nyusi. Akasimama nje ya mlango, kama desturi, akamtafuta mkewe kwa macho. Mkewe alikuwa amelala nyuma.

"Mwanangu, leo hatuna wa kumtuma," Mama Pasi alisema. "Ingia."

Akaingia. Aliiona suruali kwanza, na uso ukamshuka kwa haya, haya ile ya mkwe aliyefuliwa suruali na mama mkwe. Halafu akauona ufunguo. Akakaa chini sakafuni, si kupiga magoti, kukaa tu, kama gunia lililoegemezwa vibaya.

Alieleza yote akitazama miguu ya meza. Msimamizi wa lile jengo aliitazama mikono yake akaisifu, kisha akasema mafundi wenye mikono mizuri ni wengi, yeye amekuja na nini? Alikuwa amekwenda mikono mitupu. Mara ya pili hakwenda mikono mitupu. Aliiacha baiskeli kwa msimamizi, mnyororo na kufuli juu yake, na kwa woga akasahau kutoa ufunguo mfukoni. Nia yake ilikuwa akilipwa anunue nyingine iliyofanana nayo, aje nayo, aseme ameipata. Lakini msimamizi alihamishiwa jengo la mji mwingine, na baiskeli ikaenda naye.

"Na siku ile kwa Kimya?"

"Nilingoja mtu aseme si yeye," mkwe alisema. "Mtu mmoja tu. Angesema mmoja, na mimi ningesema. Hakuna aliyesema."

Mama Pasi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alitaka kukasirika, na hasira ilikuwa haki yake, lakini ilikuja ikiwa na picha ya kitasa cha mlango.

"Hata mimi sikusema," akamjibu.

Mkwe akamwomba. Amsamehe, na mke wake asijue. Mimba hii ya kwanza, miguu imevimba, akisikia itakuwaje? Jua likizama atakwenda kwa Kimya, peke yake, atamwangukia.

Mama Pasi aliuacha mkaa ukaanza kufa ndani ya pasi. Nyumba ya binti yake ilikuwa pale juu ya meza, imekunjwa pamoja na ile suruali. Aliniambia alijua kabisa kwamba akinyamaza hakuna atakayejua, na kwamba jambo hilo ndilo lililomtia hofu.

"Baiskeli ni yangu," akasema mwishowe. "Hiyo naweza kukusamehe hapahapa. Jina la Kimya si langu. Na godoro lake tulilitoa mchana. Vaa viatu."

Walikwenda, yeye mbele, mkwe nyuma. Kimya alikuwa barazani anapima mkaa kwenye kopo. Mkewe alikuwa anamsuka mteja, nywele zimegawanywa vidoleni. Mkwe akasema alichokuja kusema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alisema yote, hata msimamizi, hata ufunguo. Msusi hakuacha kusuka. Alivuta tu fungu moja la nywele kwa nguvu zaidi na mteja akakunja uso bila kulalamika.

Kimya aliweka kopo chini. Hakumtazama mkwe. Alimtazama Mama Pasi, na waliokuwepo waliona jinsi alivyolipigania lile neno, shingo ikimsimama, na safari hii hakuliacha.

"Hu... hukuniuliza. Miaka yote nakuletea mkaa. Hukuniuliza hata wewe."

Mama Pasi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Na Kimya alingoja, kwa subira ya mtu anayejua maneno yanavyokwama.

Msusi ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. Alisema uvumi wa wizi ulipita nyumba kwa nyumba, basi na ukweli waupeleke nyumba kwa nyumba. Kimya akavaa shati lake, akafunga vifungo hadi shingoni, akatoka nao.

Wakapita mtaa mzima hivyo. Kwa mshona viatu, dukani, kwa mama wa maandazi. Mama Pasi alipiga hodi, mkwe akasema, Kimya akasimama pembeni akiwa amekunja mikono. Wengine walitikisa vichwa. Wengine waliomba radhi kwa Kimya haraka haraka, kama mtu anayelipa ili aondokewe. Mwingine akauliza kutoka dirishani, "Mama Pasi, na kile kitenge cha maua, kilitoka kwenye keria au kwenye kengele?" Watu wakacheka. Mama Pasi alisimama mpaka kicheko kikaisha, kisha akapiga hodi mlango uliofuata. Mimi mlango wangu ulikuwa huo. Niliwakaribisha ndani, wakakataa, na sikujua niuweke wapi uso wangu, maana miongoni mwa waliokanyaga vile vitana miguu yangu ilikuwemo.

Kwa kinyozi hawakuhitaji hodi. Alikuwa anawangoja mlangoni. Kabla mkwe hajasema, alisema yeye, mbele ya mteja aliyenyolewa nusu, kwamba neno la mkokoteni lilikuwa lake. Hakuweka mzaha wowote. Akawafuata.

Mlango wa mwisho ulikuwa wao wenyewe. Binti alikuwa ameamshwa na sauti za watu. Alisimama ameshika mwimo, tumbo mbele, kanga imefungwa kifuani, akawaona wote wanakuja kwa mstari: mama yake, mumewe, baba yake mdogo, na Kimya kati yao. Uso wake ukafunguka.

"Kumbe ameungama!" akasema, akimtazama Kimya. "Ameirudisha?"

Hakuna aliyesogea. Mama Pasi alijua kwamba hapa hatapiga hodi wala hatamsaidia mtu. Mkwe alikuwa ametoa sauti yake yote kwenye milango ya watu, na sasa ilibaki ya kukwaruza.

"Si yeye, mke wangu. Ni mimi."

Akamweleza. Mtaani alikuwa amelikariri, maneno yakafuatana kama ya shuleni, lakini mbele ya mkewe yalitoka yamevunjika, na mara mbili alirudi nyuma kuongeza kitu ambacho kwingine alikuwa amekiruka: kwamba aliuchukua ufunguo kwenye kopo wakati mkewe amelala, na kwamba alikuwa amemfunika shuka kabla ya kutoka.

Kimya alisikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Akafungua kifungo cha shingoni, akarudi kwake kwa mwendo wake wa kawaida.

Binti aliteremka akakaa kizingitini. Hakulia. Alimtazama mama yake.

"Wewe umemsamehe?"

"Nimemsamehe," Mama Pasi alisema. "Lakini usinifuate mimi, mwanangu. Kimya nilimhukumu upesi kwa sababu si wangu. Huyu nimemsamehe upesi kwa sababu ni wangu. Mimi si wa kufuatwa. Wewe chukua muda wako."

Binti akafunga kanga yake vizuri. Kisha akamwambia mumewe, bila kumtazama, "Kaa hapo nje kwanza." Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akashusha pazia.

Mkwe akageuza ndoo akaikalia barazani, akielekea barabarani, mahali ambapo kila aliyetoka kazini angepita na kumwona. Na walipita. Kinyozi aliondoka taratibu. Siku nyingine zote, mkwe akikaa baraza ile, Mama Pasi hukumbuka kazi ya ndani. Siku ile alitoa kigoda chake chumba cha pasi, akakiweka upande wa pili wa baraza hiyohiyo, akakaa naye akielekea barabarani, ili kila anayepita awaone wote wawili.